Mama Anazungumza na Picha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Moshi. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, ni mchangamfu na hajui kukata tamaa. Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye maonyesho ya sanaa mjini Arusha. Mbele ya picha ya nchi kame yenye ng'ombe waliokonda aliwatangazia wageni wote kwamba mvua iko nyuma ya kile kilima, kisha akanyoosha mkono kukipapasa kinyago, mhudumu akamkaripia. Niliona haya, nikamtoa nje kabla hatujamaliza. Sasa ananiomba turudi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, rudi naye. Kwa maelezo yako, siku ile iliharibiwa zaidi na haraka yako ya kutoka kuliko maneno ya mama.

Sanaa nyingi tunayoitundika leo ukutani haikuzaliwa kwenye ukimya. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, yaani mbao nyembamba za kiwandani, na kazi zake ziliuzwa nje, mbele ya macho ya wapita njia. Mtu anayesimama mbele ya picha ya chui iliyochorwa kwa mtindo wake akacheka kwa sauti, mimi simwoni kuwa amekosa adabu. Mnong'ono tumeuzoea baadaye.

Suala la mkono ni jingine, na hapo mhudumu alikuwa na haki, ingawa angeweza kumwambia mtu mzima kwa upole. Jasho na mafuta ya vidole huchafua rangi na kuacha alama kwenye mti uliong'arishwa, na mikono ya wageni ikizidi, alama hizo hazifutiki. Mweleze mama sababu hiyo mkiwa bado nyumbani, kwa heshima, wala usingoje kumvuta kanga mbele za watu. Kisha mpe mahali pa kugusa: mpeleke kwa wachongaji na wauza vinyago, aombe kushika kinyago cha mpingo. Atashangaa uzito wake, kwani mpingo ni mti unaozama majini. Mwambie akigeuze atazame kitako, kwa maana wapo wanaopaka mti mwepesi dawa ya viatu nyeusi na kuuita mpingo, na mama wa aina hiyo, naamini, atamgundua mdanganyifu kabla yako.

Kwa matembezi yenyewe, jumba la sanaa la Cultural Heritage, lililo kando ya barabara ya Dodoma nje kidogo ya mji wa Arusha, lina njia pana ya mteremko inayozunguka ndani kutoka sakafu moja hadi nyingine, jambo linaloyasaidia magoti ya umri wake. Tokeni Moshi alfajiri, mfike kabla ya makundi ya watalii, naye aseme anavyotaka.

Mkirudi kwenye ile picha ya ukame, muulize mvua ameionea wapi. Huenda mchoraji ameweka wingu pembeni ambalo wewe, kwa kuwatazama wageni wenzako, hukuliona.