Ukipita Niue na yoti, jifunze kwanza kuning'iniza kiboti

Wadau wa baharini habari zenu. Kuna vijana wa Tanga na Mombasa wamepata kazi kwenye yoti zinazovuka Pasifiki, wananiuliza ukifika kwenye visiwa vya mbali kule unafungaje yoti, unashukaje nchi kavu na unapataje dizeli na mboga. Mi nitawasimulia Niue, maana pale ndo nilipoelewa hii kazi, nilikuwa baharia na mpishi kwenye yoti moja tukitokea visiwa vya Cook kuelekea Tonga.

Niue ni kisiwa kimoja tu peke yake katikati ya maji, kilomita za mraba kama 260 na watu hawafiki hata elfu mbili, pesa yao ni dola ya New Zealand. Chote ni jiwe la matumbawe lililonyanyuka, kwa hiyo usitafute bandari wala fukwe ndefu kama zetu, ni genge la mawe limesimama kama ukuta na bahari inapiga chini yake. Ukifika upande wa magharibi, pale Alofi, mji mkuu wao, kina kinashuka haraka sana na chini ni matumbawe, nanga haifai. Kuna maboya ya kufungia yoti, unayalipia. Ita Niue Radio, kituo chao cha mawasiliano ya baharini, kwenye chaneli 16 ya redio ya VHF kabla hujasogea, watakwambia mambo ya forodha, na usishuke nchi kavu mpaka wakupe ruhusa. Ukishafunga yoti kwenye boya vaa miwani uruke majini ukague minyororo mwenyewe. Kisiwa hakina mto wa kuleta tope kwa hiyo maji ni meupe kama kioo, unaona mpaka chini, na utawaona wale nyoka wa baharini wanaoitwa katuali wakipanda kuvuta hewa, wana sumu lakini wapole, waache tu wapite.

Sasa tuje kwenye gati, hapa ndo nataka msome polepole. Kiboti chako, kile kidogo cha kushukia nchi kavu, hukiachi majini pale gatini, wimbi litakipigiza mpaka kipasuke, kinanyanyuliwa na kreni ya umeme na unaiendesha mwenyewe. Unatakiwa uwe na kamba ya kunyanyulia yenye miguu mitatu, miwili nyuma na mmoja mbele, imeungana juu kwenye pete moja. Yetu tuliifunga siku hiyo hiyo tukiwa tunayumba palepale chini ya gati, kosa kubwa. Wenzangu wawili wakaruka kwenye ngazi, zinateleza kwa mwani, mi nikabaki ndani nasubiri kulabu ishuke, wimbi likikunyanyua kulabu inakuja usoni, likikushusha unabaki unashika hewa, mara ya tatu ndo nikaitia kwenye pete nikaruka na mimi. Kreni ikavuta. Nyuma kuna mashine, ni nzito, na ule mguu wa mbele tulikuwa tumeufanya mfupi mno, basi kiboti kikasimama pua juu na begi la nguo chafu za watu wanne likateleza likaenda majini, pamoja na shuka za nahodha. Mzee mmoja aliyekuwa anasafisha samaki pale akaniambia kwa upole, mwanangu, ungepima kamba zako ulikotoka. Na kweli. Kwa hiyo ning'iniza kiboti chako na mashine yake kwenye kamba za yoti yako wiki moja kabla, rekebisha mpaka kikae sawa kama sinia, halafu piga mafundo yasiyofunguka. Kikishatua kwenye kitoroli kisukume pembeni haraka, wavuvi nao wanaingoja hiyo kreni, na wao ndo wenye gati.

Dizeli unabeba kwa madumu toka kituoni, na ukiomba kwa adabu utapata lifti, mi sikutembea kwa mguu na dumu hata siku moja. Usitegemee duka la vipuri vya boti, belti, filta na impela (kile kipanga cha mpira ndani ya pampu ya maji ya kupoza mashine) njoo navyo. Dukani vitu vingi vinaletwa na meli toka New Zealand, kwa hiyo ukifika meli iko mbali kurudi utakuta rafu zimepungua, na hapo usikombe mayai yote yaliyobaki eti kwa sababu una hela, kuna familia pale zinayasubiri na wewe wiki ijayo uko Tonga. Mboga nenda sokoni Alofi alfajiri, Ijumaa ndo siku nzuri, nimesema alfajiri namaanisha kabla jua halijatoka, ukija saa tatu unakuta meza zinafutwa. Kuna magimbi, mapapai, ndizi, nazi, mi nilijihisi nipo nyumbani kabisa, magimbi niliyapika kwa tui la nazi na nahodha akaomba tena.

Jumapili pumzika. Kuvua na safari za boti haziruhusiwi, na watu wapo kanisani. Usiwashe mashine ya kusagia vyuma wala kupiga nyundo. Mi ni Muislamu lakini nilikaa sitahani nikisikiliza zile nyimbo zikitoka juu ya genge, nilizipenda sana. Kati ya Julai na Oktoba na nyangumi wapo, usiku unawasikia wanapumua karibu na boya.

Jambo jingine ni upepo. Ule wa kusini mashariki, kama kusi yetu, kisiwa kinakukinga nao ukiwa upande wa Alofi, lakini ukigeuka ukaja wa magharibi pale pako wazi kabisa, ondoka mapema hata kama nguo hazijakauka. Januari 2004 kimbunga Heta kilipandisha bahari juu ya lile genge na kuvunja nyumba na hospitali. Kwa hiyo ukiwa nchi kavu angalia bahari kila saa na usimwachie yoti mtu asiyejua kuiondoa.

Na mkitoka kwenda Vava'u kule Tonga ni maili kama 240, siku mbili hivi, ila mnavuka mstari wa tarehe na siku nzima inapotea. Ukitoka Niue Jumatano unafika Ijumaa kwa hesabu yako, kwao Tonga ni Jumamosi. Sisi tulimalizana na forodha Jumatatu asubuhi, tukashusha kiboti mara ya mwisho na madumu mawili katikati, kikakaa sawa.