Farasi alikuwa chambo, kazi aliifanya Sinon

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni nini hasa kilichouangusha mji wa kale wa Troya baada ya miaka 10 ya vita na Wagiriki? Wengi watajibu "farasi wa mbao" na kuishia hapo. Mimi namtaja Sinon, Mgiriki aliyeachwa ufukweni makusudi ili akamatwe.

Kwanza tuondoe kosa linalorudiwa kila siku: kisa cha farasi hakimo katika Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita hivyo. Utenzi ule unaishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troya, na mji bado umesimama. Odyssey, utenzi wake mwingine, ndiyo inayokigusa kwa vipande, kisha mshairi wa Kirumi Virgil akakisimulia kwa kirefu katika kitabu cha 2 cha utenzi wake, Aeneid.

Njama ya Wagiriki ilihitaji mambo manne yaende pamoja. Mgiriki Epeius aliunda farasi mwenye tumbo tupu ndani, na ndani wakaingia wapiganaji. Virgil anataja majina 9, mwandishi wa Kigiriki Apollodorus anasema walikuwa 50. Idadi isitusumbue, kwani hata hao 50 wasingeuteka mji peke yao. Kazi yao ilikuwa kuwafungulia wenzao malango. Jeshi lililobaki lilichoma kambi yake likapanda merikebu, likajificha nyuma ya kisiwa cha Tenedos, ambacho leo kinaitwa Bozcaada na kiko Uturuki. Hapo ni karibu kiasi cha kurudi usiku uleule. Ilihitajika pia ishara ya moto, ili walio baharini na walio tumboni waanze kwa wakati mmoja. Na alihitajika mtu wa kuwaeleza watu wa Troya kwamba lile dubwana ni la nini.

Huyo ndiye Sinon, na uongo wake umesukwa kwa ustadi wa kutisha. Analetwa mbele ya mfalme Priam mikono imefungwa nyuma. Anaanza na ukweli: mimi ni Mgiriki, sikatai. Kisha anamtaja Mgiriki mwenzake Palamedes, aliyeuawa kweli kwa fitina za Odysseus, mmoja wa wakuu wa Wagiriki, habari ambayo huenda Troya nayo ilikuwa imeisikia. Akishaaminika kwa hilo, anapachika la uongo, kwamba wenzake walitaka kumchinja kafara ili wapate upepo wa kurudi kwao, naye akatoroka. Priam anamwonea huruma, anaamuru afunguliwe kamba. Baada ya hapo ndipo anapoulizwa habari za farasi.

Tazameni anavyojibu. Hawaombi wamwingize farasi mjini, hata kidogo. Anasema ni fidia kwa mungu wa kike Athena, kwa sababu Odysseus na Mgiriki mwenzake Diomedes waliiba sanamu yake takatifu, Palladium. Mbona kubwa hivi? Ili lisipite langoni. Mkiliharibu, balaa litawashukia ninyi. Likiingia mjini, ninyi ndio mtakaokwenda kuivamia Ugiriki. Kila shaka imeshawekewa jibu kabla haijatamkwa, na uamuzi wa kumvuta farasi unaonekana umetoka vichwani mwa watu wa Troya wenyewe. Wakabomoa ukuta wao kwa mikono yao, ukuta ule ule uliowashinda Wagiriki miaka yote ile.

Hata hivyo njama ilinusurika kwa tundu la sindano, tena si mara moja. Kuhani Laocoon alikwisha kuwaonya na kumchoma farasi mkuki ubavuni; tumbo likavuma, na bado hakuna aliyepasua mbao. Baadaye nyoka wawili wakatoka baharini wakamwua yeye na wanawe, watu wakaichukua kama adhabu ya mungu, na maneno ya Sinon yakapata ushahidi. Pale penye kizingiti farasi alikwama mara nne, silaha zikalia ndani. Odyssey inaongeza kwamba Helen, mwanamke aliyepiganiwa katika vita hivyo, alimzunguka farasi mara tatu akiigiza sauti za wake za wale waliojificha. Mmoja wao, Anticlus, alitaka kuitikia, Odysseus akamziba mdomo kwa nguvu mpaka Helen alipoondoka. Hapo sauti moja tu ingetosha kuwamaliza wote.

Na mtu asidhani watu wa Troya hawakujua hila. Usiku ule Wagiriki walipouvamia mji, kijana Coroebus, aliyepigana upande wao, aliwashauri wenzake wavae silaha za Wagiriki waliouawa. Mwanzoni walifanikiwa, wakachinja maadui wengi gizani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewapa taarifa wenzao waliokuwa juu ya paa la hekalu, basi hao nao, kwa kuona zile kofia za chuma za adui, wakawamiminia silaha. Wagiriki nao walipokusanyika waliwashtukia kwa lafudhi, na Coroebus akawa wa kwanza kuanguka.