Wakili wa Chuo Gani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Hapa Arua, Uganda, kuna mgombea ubunge mwenye shahada ya sheria ya chuo binafsi. Mume wangu, mhitimu wa Makerere, kila jioni humcheka: "Wakili wa dukani huyo!" Mimi nilitaka kumpigia kura. Nimekosea? – Mama Zubeda

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo namjua bila kumwona. Hata marehemu wangu alivaa tai ya chuo mpaka sokoni.

Mwambie ibara ya 80 ya Katiba inamtaka mbunge awe amemaliza kidato cha sita au kiwango kinacholingana nacho. Shahada ya sheria haikutajwa. Na anayetaka kuwa wakili mahakamani, awe ametoka Makerere au chuo binafsi cha Mukono, lazima apitie LDC, kituo cha mafunzo ya uwakili kilichoanzishwa 1970. Huko wote wanakalia benchi moja.

Halafu muulize Godfrey Binaisa, rais wetu wa 1979, sheria aliisomea wapi. London! Makerere ilianza kufundisha sheria 1968 tu. Naye alikuwa wakili wa dukani?

Wewe mfuate mgombea, umuulize habari za zahanati na maji. Mumeo mpe chai.