Kusamehe si Kufuta Deni

SWALI: Mhariri, ninauza mitumba katika soko la Gikomba. Mwaka jana binamu yangu, tuliyeshirikiana naye kibandani, alichukua Sh60,000 tulizoweka kwa ajili ya robota la makoti, akatoweka. Sasa amerudi kuomba radhi, mikono mitupu. Mama ananisihi nimsamehe, ilhali wenzangu sokoni wanasema kusamehe ni woga. Nasikia wanafalsafa wa Kistoa, wa Ugiriki na Roma ya kale, walifundisha kutojali maudhi. Je, ni kweli? Na akiba ndogo niliyobaki nayo, nilipie masomo ya jioni ya uhasibu, au ningoje kwanza anilipe?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana, jeraha la ndugu wa damu huchelewa kupona. Wastoa hawakufundisha kutojali, kwani waliihesabu haki miongoni mwa fadhila nne kuu, pamoja na hekima, ujasiri na kiasi. Mwaka 175, jemadari Avidius Cassius alipojitangaza kaisari, Marcus Aurelius, kaisari halali wa Roma aliyeifuata falsafa hiyo, aliandaa jeshi ili kumkabili. Hata hivyo, maofisa wa Cassius mwenyewe walipomuua na kichwa chake kikapelekwa kwa Marcus, alikataa kukitazama, akaamuru kizikwe. Alilipinga kosa bila kutafuta kisasi, na sioni woga hapo.

Basi mwambie binamu yako ana kwa ana kwamba kinyongo umekiacha lakini deni lipo, kisha mwandikishiane, mbele ya mama na mzee mmoja wa ukoo, kiasi atakacholipa kila mwezi. Akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Kumfikisha huko hakutangui msamaha wako. Kumrudishia ufunguo wa kibanda ni jambo jingine kabisa, na mimi nisingemrudishia mwaka huu.

Kuhusu masomo, tafadhali usingoje. Inasimuliwa kwamba Cleanthes, mmoja wa Wastoa wa kwanza, alifika Athens akiwa na drakma nne tu, akawa anateka maji ya bustani usiku ili mchana amsikilize mwalimu wake Zeno, mwasisi wa Ustoa, na baadaye Cleanthes akamrithi. Malipo ya deni yanamtegemea binamu yako, lakini jioni zako ni zako. Jiandikishe muhula huu, hata kwa kulipa karo kidogo kidogo, na hesabu za kwanza utakazofanyia mazoezi ziwe za kibanda chako, zile Sh60,000 zikiwa zimeandikwa humo kama deni unalodai.