Wasomaji Wanauliza: Hela ya Doria ya Barabara Kuu Inatoka Wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi dereva wa basi, nakaa Tanga huku Kange, ruti yangu ni Tanga–Dar. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 napita sana Segera, Kabuku, Mkata mpaka Chalinze saa nane za usiku, na kusema kweli mchana trafiki wapo na tochi zao ila usiku unakwenda mwendo mrefu hujaona gari la doria hata moja. Binamu yangu anaendesha semi California, ananiambia kule polisi wa barabara kuu wanazunguka usiku na mchana na jimbo ndo linalipa. Sisi tukikamatwa tunalipa elfu 30 kwa kosa, hizo hela si zingenunua magari ya doria? Na mkoa wetu kwanini usijilipie wenyewe? — Dereva, Kange

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako limenigusa manake na mimi yamenikuta, basi letu lilipasuka tairi katikati ya Kabuku na Mkata usiku, konda akakata matawi akayatandaza barabarani kama tulivyozoea, tukakaa pembeni tumeshika watoto huku malori yanapita yanatutikisa, zaidi ya masaa mawili. Kituo cha karibu walipokea simu vizuri tu, ila gari walilokuwa nalo halikuwa na mafuta. Sijasahau ile sauti ya yule askari, alikuwa anaona aibu mwenyewe.

Tuanze na neno jimbo, linachanganya. Kwetu jimbo ni la mbunge. La Marekani ni serikali kamili ndani ya nchi, lina bunge lake, linatoza kodi zake na lina polisi wake. California walianzisha polisi wao wa barabara kuu mwaka 1929, na sehemu kubwa ya hela yao inatoka kwenye mfuko maalum wa magari, yani ukisajili gari au ukikata leseni ya udereva unakuwa umechangia doria. Missouri wao wameanza 1931 na wanachukua kutoka kwenye hela za barabara. Mkoa wa Tanga haupo hivo, RPC wetu, yani kamanda wa polisi wa mkoa, yuko chini ya jeshi moja la nchi nzima, na bajeti yake inapita Dodoma kwenye Wizara ya Mambo ya Ndani, Fungu 28, hilo ndo fungu la Jeshi la Polisi. Kwahiyo hata madiwani wakipiga kura wote, halmashauri haiwezi kuajiri trafiki hata mmoja.

Hiyo elfu 30 sasa. Ukipewa kontrol namba ukalipa, hela inaingia serikalini, na Katiba ibara ya 135 ndo imeweka Mfuko Mkuu wa Hazina ambao mapato ya serikali yanaingia humo, labda sheria iseme yaende pengine. Haibaki kituoni. Na mimi nakwambia wazi nisingependa ibaki kituoni hata siku moja, kwa sababu askari ambaye mafuta ya gari lake yanategemea faini atakaa pale kwenye faini rahisi, kwenye kibao cha 50 kijijini mchana, hatakwenda kona ya giza saa nane za usiku ambako hamna wa kumtoza ila kuna watu wa kuokoa.

Mimi ningependa tuige California, doria ilipiwe na hela inayotokana na magari. Sisi ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, badala yake ukaongezwa ushuru wa mafuta shilingi 40 kwa lita, kwahiyo kila ukijaza tenki unalipa bila kujua. Sehemu ndogo tu ya hela kama hiyo ikitengwa kisheria kwa ajili ya doria, ingekuwa inaingia kila mwezi, magari yakiongezeka barabarani na yenyewe inaongezeka.

Ila usidhani shida ni kununua gari. Gari linanunuliwa mara moja, linakatiwa utepe, picha zinapigwa. Fanya hesabu na mimi. Wiki ina masaa 168, gari la doria linataka askari wawili, hayo ni masaa 336 ya kazi. Hata kila mmoja afanye masaa 48 kwa wiki unahitaji watu saba, halafu kuna likizo, kuna kuumwa, kuna kwenda mahakamani kutoa ushahidi, unajikuta kwenye tisa au kumi kwa gari moja tu! Likizunguka kilomita 200 kwa usiku na linakula lita moja kwa kilomita nane, ni lita 25, kwa mwezi lita 750, bado matairi na sevisi. Gari jipya bila hivi linageuka kivuli cha kuku pale kituoni.

Kwahiyo mbunge wako akija msimu wa bajeti usimuulize magari mangapi yanakuja. Muulize kipande cha Segera–Chalinze kina askari wangapi wa zamu ya usiku na mafuta lita ngapi kwa mwezi. Bajeti inaanza tarehe 1 Julai, kwahiyo mfuate mapema, kabla ya Aprili, Bunge la bajeti halijaanza.

SWALI: Mama, sisi wauza machungwa wa Muheza tunaweza kuchanga mafuta ya gari la polisi? Tumechoka kuona ajali. — Muuzaji, Muheza

JIBU: Mwanangu, roho yenu nzuri sana, ila msimpe askari hela mkononi wala msimjazie mafuta sheli, kesho pikapu yenu ikizidisha mzigo atashindwa kuisimamisha. Andikeni barua kwa OCD, yani mkuu wa polisi wa wilaya, kupitia mtendaji wa kata, mkabidhi hadharani na mpewe risiti. Na kama hela yenu ni ndogo nunueni vizibao vya kuakisi mwanga, muwape bodaboda na wanaovuka na matenga yao jioni, hiyo hamhitaji kumsubiri mtu.