Nje theluji, ndani nyanya

SWALI: Habari za kazi dada, niko Ng'ambo hapa Tabora, binti yangu yuko Kanada, mwezi wa nne huu kanitumia picha kapanda nyanya kwenye makopo ndani dirishani, nje theluji bado, halafu jirani kamkataza kufagia majani makavu uani, ni sawa kweli?

JIBU: Shikamoo mama. Sawa kabisa, nyanya haivumilii barafu hata usiku mmoja, ndo maana kule wanasia ndani wiki 6 hadi 8 mapema, ila miche asiitoe ghafla, aizoeshe nje kidogo kidogo.

Majani sasa, hapo jirani kasema la maana sana. Sie watu wa asali tumezoea nyuki kundi zima mzingani, ila kule kuna nyuki wanene wenye manyoya, baridi ikianza kundi lao linakufa anabaki malkia mpya peke yake, analala ardhini mpaka joto lirudi, na wadudu wengine wanajificha humo humo kwenye majani, ukifagia mapema unawamaliza. Asubiri joto lishike kwanza. Na maua ya njano yanayojiotea kwenye nyasi ayaache tafadhali, malkia anaamka na njaa, na hao hao nyuki ndo watakuja kutikisa maua ya nyanya zake zishike matunda.