Maswali na majibu: Gari la bei nafuu la mbio za saa nyingi

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja. Vijana wa Kigoma na Tabora wanachanga fedha wanunue gari la mbio za ustahimilivu, zile za saa 6, 12 au 24 ambazo madereva wa gari moja hupokezana usukani. Nimejibu chache, kwa mpangilio zilivyonifikia hapa gereji, Isevya, Tabora.

Fundi, shikamoo. Nasikia Marekani kuna watu wanashindana kwa mikweche. Ni kweli au ni porojo za kijiweni? (Urambo)

Marahaba, mwanangu. Ni kweli kabisa. Mbio hizo zinaitwa 24 Hours of Lemons, zilianzia California mwaka 2006. Jina limechezea mbio za saa 24 za Le Mans, zilizoanza Ufaransa mwaka 1923, maana Wamarekani gari bovu huliita limau. Sharti lao lilikuwa gari lisizidi dola 500, na waamuzi wakishuku umedanganya bei wanakukata mizunguko kabla hujaondoka. Lakini vifaa vya usalama havimo katika hizo dola 500, na breki pia hazimo. Hapo ndipo walipofikiri vizuri, nami nitalirudia jambo hilo chini.

Wala huku sisi si wageni. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akashinda kwa Peugeot 404 tena mwaka 1966 na 1967. Wazee wanalikumbuka gari hilo kwa teksi na magunia, si kwa mbio.

Tuko wanne na tumechanga shilingi milioni 9. Mwenzetu mmoja anataka Toyota Altezza, mimi nataka Toyota IST. Tuamulie. (Mwanga, Kigoma)

Nisameheni, simpi ushindi yeyote kati yenu.

Altezza RS200 ni gari zuri: injini 3S-GE ya lita 2, gia sita, nguvu ya farasi 210 kwenye makaratasi. Lakini lina zaidi ya kilo 1,300, na kila kilo mtailipia kwa tairi, pedi za breki na petroli. Halafu injini ile ikileta matata Jumamosi jioni, spea yake haipo Mwanga wala Ujiji. Mtasubiri basi la Dar es Salaam. IST ina injini ninayoipenda, 1NZ-FE, ya cheni badala ya mkanda wa taimingi. Kinachoniudhi ni kimo cha gari lenyewe kwenye kona, na gia boksi la otomatiki.

Ningekuwa mimi, ningetafuta Probox ya gia za mkono, ambayo injini yake ni hiyo hiyo ya IST, au Corolla 110 ya gia za mkono yenye 5A-FE. Yote mawili ni kama tani moja hivi, na spea zake unamtuma mtoto dukani akalete. Msiicheke Probox kwa kuwa mmezoea kuiona inafanya mchomoko, yaani teksi ya kuchangia, na mizigo juu. Gari linalobeba vile kila siku na kesho yake likawaka limeshafanyiwa mtihani na watu wasiojua kwamba wanatunga mtihani.

Piga hesabu nami. Mbio za saa 6, mzunguko mmoja dakika 2: jumla mizunguko 180. Gari linalowazidi kwa sekunde 2 kila mzunguko litawaacha dakika 6 mpaka mwisho, yaani mizunguko 3. Sasa hosi paipu moja ya maji ipasuke, msimame dakika 24. Mizunguko 12 imekwenda, kwa kipande cha mpira.

Kabla ya kulipa, fungueni mfuniko wa oili. Mkikuta utando mweupe mzito kama mtindi, mara nyingi maji na oili yamekutana. Muageni muuzaji kwa heshima mwondoke. Kisha injini ikiwa baridi fungueni rejeta, muwashe gari. Vipovu visivyokoma ni dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Na msimalize fedha yote kwenye gari. Mkibakiwa na chini ya milioni 4, mtakuwa mmenunua gari la kwendea sokoni.

Gari la otomatiki haliwezi kabisa? (Cheyo, Tabora)

Linaweza kwa muda. Oili ya gia boksi ikizidi nyuzi 120 huanza kuharibika, na saa sita za kukanyaga mpaka chini zinaifikisha huko. Ukilazimika, funga rejeta ndogo ya kupoza oili hiyo na uibadilishe mara kwa mara.

Corolla letu linachemsha. Fundi wa hapa ametoa thamostati akasema sasa litapoa. (Kaliua)

Naumia kila nikisikia habari hii. Nimefungua injini nyingi zilizonoki, yaani zilizokufa, na mara nyingi kabla haijanoki kulikuwa na fundi aliyetoa thamostati. Kifaa kile kinaifikisha injini kwenye joto lake na kuliweka hapo. Ukikiondoa, ukienda taratibu injini inabaki baridi, inakunywa petroli na kulika. Ukikanyaga, chanzo cha kuchemsha bado kipo pale pale.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Maji yaliyo wazi huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia kwenye gari ni mfuniko wa rejeta: ukiwa mzima unabana shinikizo, maji yanapita nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukichoka, gari litachemsha hata kama kila kitu kingine ni kipya. Anzeni hapo. Kisha ng'oeni rejeta muioshe kwa maji ya taratibu kutokea upande wa injini. Mtashangaa vumbi na mbegu za nyasi zitakazotoka. Hakikisheni feni inawaka. Rudisheni thamostati mpya, badilisheni hosi zote, na mweke kulanti, kile kimiminika maalumu cha kupoza injini, badala ya maji ya bomba, maana maji matupu yanaleta kutu ndani.

Baada ya kona kadhaa pedeli ya breki inazama. (Sikonge)

Mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayo yana madaraja: DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205, DOT 4 nyuzi 230, lakini yakinyonya unyevu hushuka mpaka 140 na 155. Wekeni DOT 4 ya kopo lililofunguliwa siku hiyo, mtoe yote ya zamani.

Tunaweza kuchomelea keji, ile fremu ya kumlinda dereva gari likibiringika, kwa mabomba ya geti, na helmeti tukatumia za bodaboda? (Ujiji)

Hapana, kwa yote mawili. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, kwa upinde mkuu wa keji zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, la milimita 45 lenye unene wa 2.5, au 50 lenye unene wa 2. Bomba la geti lina mshono, na gari likibiringika linajikunja kichwani kwako. Helmeti ya bodaboda haikutengenezwa kustahimili moto. Mikanda ya FIA nayo ina mwisho, miaka mitano baada ya mwaka wa kutengenezwa, hivyo someni lebo kabla ya kununua ya mtumba. Kama fedha haitoshi keji na gari kwa pamoja, nunueni gari la bei ya chini zaidi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naendesha mchomoko. Wananiambia mbio si za wanawake. (Nzega)

Dada yangu, mbio hizi zinamtaka mtu anayeweza kukaa kwenye usukani saa mbili bila kugonga, bila kuua klachi. Wewe unafanya hivyo kila siku. Ingia kwenye timu.

Tufanyie mazoezi barabara ya lami usiku, magari ni machache? (Uvinza)

Nawaomba msifanye hivyo. Usiku barabara ile ina baiskeli za mkaa zisizo na taa, ng'ombe, na watu wanaotoka shamba. Tafuteni uwanja uliofungwa, kibali cha maandishi cha mwenye eneo na polisi, na gari la wagonjwa. Kuhusu leseni ya mashindano, waulizeni AAT, chama cha magari cha Tanzania.

Mkitaka kulijaribu gari sasa, lipakieni spana, jeki na tairi, mje nalo Tabora mchana kwa mwendo halali, mrudi. Kila nusu saa andikeni joto la maji, na mwishoni oili iliyopungua na petroli iliyotumika. Daftari hilo nileteeni Isevya, nitalisoma nanyi bila malipo.